Draya ya nyumba ya kupanga: ni ya aina gani, na filta zake ziko ngapi?

BintiLamu (Leicester)

Assalam aleikum wote. Tumehamia nyumba ya kupanga na jikoni tumeikuta draya, mashine nyeupe ya kukaushia nguo yenye mlango wa mbele, imekaa ubavuni mwa mashine ya kufulia. Kitabu chake hakipo. Nimemwuliza ajenti, akanijibu kwa meseji: safisha filta. Filta ipi? Mimi naiona moja tu, ile ya wavu mdomoni mwa mlango, na hiyo naikung'uta kila nikimaliza kukausha.

Shida ni kwamba mzigo mmoja unachukua saa tatu, na mataulo bado yanatoka na unyevu kwenye pindo. Halafu kuna taa ya njano yenye alama ya mistari mistari. Nikiwasha tu mashine, haichukui muda nayo imewaka.

Wifi yangu yuko Coventry, naye ana draya. Ameniambia nifungue kijilango cha chini, nichomoe kile kidude kirefu cha ndani, nikakioshe bafuni kwa maji mengi, ndivyo anavyofanya yeye. Nimefungua. Cha kuchomoa sikukiona. Kuna sponji la kijivu kwenye fremu ya plastiki, na nyuma yake vibati vyembamba vya aluminiamu vimesimama vimebanana, pamba za nguo, vile vinyuzi vinavyotoka kwenye vitambaa, zimevijaa. Wifi anashikilia kwamba kidude kipo, nivute kwa nguvu. Mume wangu anasema tusiguse, si mali yetu.

Mengine niliyoyaona: nyuma hakuna paipu la kutolea hewa. Juu kushoto kuna droo inayojaa maji. Nguo zikitoka zina uvuguvugu tu, haziunguzi mkono.

Je, hii ni aina gani, na vile vibati naweza kuvimwagia maji? Nina mtoto wa nepi za kitambaa kwa hivyo mashine haipumziki. Na msiniambie nianike kwenye radieta, nyumba tuliyotoka kuta ziliota kuvu jeusi mpaka nyuma ya kabati.

---

MzeeWaKamba (Tanga)

Mwanangu, kamba moja, vibanio, na upepo wa Raskazone. Filta haina, taa haina.

---

BintiLamu (Leicester)

Shikamoo mzee wangu. Nitumie hilo jua kwa DHL basi, huku saa kumi jioni ni giza.

---

FundiBaridi (Hamburg)

Dada BintiLamu, usivute kitu. Cha kuvuta hakipo kwenye mashine yako, na vile vibati vina makali, vitakuchana vidole kabla hujafika popote. Wifi yako hakukosea kuhusu mashine yake, ila yake na yako ni aina mbili tofauti.

Mimi kazi nimejifunzia Mwembe Tayari, Mombasa, friji na AC. Sasa niko huku, naingia majumbani mwa watu kutengeneza mashine za kufulia na za kukaushia. Nikifika kwa mteja sianzi na jina la kampuni lililoandikwa mbele. Nauliza maji ya nguo yanatokea wapi. Nguo kavu za kilo nane, zikishakamuliwa na mashine ya kufulia kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, bado zinabeba maji ya kama lita nne. Lita hizo nne haziyeyuki zikapotea, lazima zitoke mahali. Na hewa inayozibeba ndiyo hiyo hiyo inayobeba pamba za nguo, kwa hiyo ukiijua njia ya maji umeshazijua na filta.

Kuna inayotoa maji nje kama mvuke. Nyuma ina paipu nene la upana wa kama sentimita 10 linalopita ukutani au dirishani. Droo ya maji haina. Hii si yako, umesema paipu hakuna.

Kuna ya kondensa, na naamini ndiyo ya wifi yako. Hewa ya moto yenye unyevu inazunguka ndani kwa ndani, inapitishwa kwenye sanduku la vibati, na hewa ya chumbani inavutwa ipite upande wa pili wa vibati hivyo kuvipoza. Mvuke ukigusa ubaridi unageuka maji, pampu ndogo inayapandisha kwenye droo. Lile sanduku ni chuma na hewa tu, halina gesi wala waya, ndiyo maana mwenye nyumba anaruhusiwa kulichomoa na kuliosha bombani. Alama zake ni vifungo viwili vya kuzungusha nyuma ya kijilango cha chini, na mshikio wa kuvutia.

Yako ni hiti pampu. Hii ni friji iliyovaa koti la draya. Ina kompresa, yaani pampu ya kusukuma gesi, ina gesi, ina koili mbili, yaani mabomba yaliyopita kwenye vibati: moja ya baridi, moja ya moto. Hewa yenye unyevu ikitoka kwenye nguo inapita kwanza kwenye koili ya baridi, inaacha maji yake pale, kisha inapita kwenye ya moto na kurudi kwenye nguo ikiwa kavu. Joto halitupwi, linazungushwa. Ndiyo maana nguo zako hazitoki na moto wa kuunguza, na ndiyo maana hata ikiwa nzima kabisa inakwenda taratibu kuliko ya wifi. Vibati ulivyoviona ni koili ya baridi yenyewe. Imeunganishwa kwa mabomba ya shaba na kompresa, gesi imo ndani. Ndiyo nikasema usivute.

Ukitaka kuhakikisha bila kunitegemea mimi, fungua mlango mkubwa utazame ukingoni, kwenye fremu au ubavuni mwa mlango. Kuna kibandiko cha maelezo. Soma vitu viwili. Kwanza, kama kuna herufi R ikifuatwa na namba, mfano R134a au R290, pamoja na uzito wa gesi, hiyo ni hiti pampu, ubishi umekwisha, kwa sababu hizo aina nyingine hazina gesi ya kupozea. Pili, wati. Ya kondensa au ya paipu inaandikwa wati 2,000 na kitu, mara nyingi 2,500 au zaidi, maana ina elementi ya kupasha hewa. Hiti pampu inakuwa chini ya nusu ya hapo. Kwenye yuniti za umeme utaona: mzigo kamili wa kondensa unakula yuniti nne au zaidi, hiti pampu mbili hivi au pungufu. Na kama kibandiko kina R290, jua hiyo ni propani, usiruhusu mtu yeyote atoboe wala achokonoe mabomba.

Huku Ulaya wenzenu wanakwenda upande huo wote. Uswisi ilishazifungia njia draya za elementi tangu 2012. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 1 Julai 2025, masharti ya draya mpya yamekuwa magumu kiasi kwamba ni hiti pampu tu zinazoyafikia. Lakini nyumba za kupanga huko kwenu zina mchanganyiko wa kila umri, kwa hiyo ushauri wa jirani au wa wifi huwezi kuutumia kabla hujasoma kibandiko.

Sasa filta. Yako zipo sehemu tatu, na ajenti amekutajia moja.

Ya mlangoni, kila mzigo. Chunguza kama inafunguka ikawa vipande viwili, kimoja ndani ya kingine. Hiti pampu nyingi ni hivyo, na watu husafisha cha nje wakasahau cha ndani.

Sponji la chini, hilo ndilo limekuziba. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni ya unga, likamue kwa viganja, usilisokote, lisimamishe likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Taa ya mistari inakuambia habari za huko chini.

Vibati vyenyewe: chomoa plagi, iache mashine ipoe nusu saa, vaa glavu. Tumia huva, mashine ya kufyonza vumbi, yenye brashi laini, upeleke juu na chini kufuata mistari, usipite kwa ubavu kwa sababu vitajikunja, na vikijikunja hewa haipiti. Maji ya kumwaga hapana. Kisu, brashi ya waya, mashine ya mvuke, hapana.

Usiiwashe bila sponji hata siku moja kwa kuona eti inakauka haraka. Pamba zitakwenda kujibandika katikati ya koili mahali ambapo huva haifiki, na hapo itabidi mtu kama mimi aifungue mashine nzima.

Jibu la mumeo: ni mali ya mwenye nyumba, lakini kusafisha filta ni kazi ya anayetumia. Kufungua skrubu ndiyo si kazi yenu.

---

BabaTumaini (Columbus, Ohio)

Fundi ameeleza vizuri, ila ile ya paipu ameipita mbio. Wengi wetu huku Marekani ndiyo tunayo, naomba niijazie.

Wakuu, mkiwa Marekani swali la kwanza ni umeme au gesi. Angalia plagi. Plagi nene ya tundu lake peke yake, volti 240, hiyo ni ya umeme. Plagi ya kawaida ya volti 120 pamoja na paipu la gesi lenye koki ukutani, hiyo ni ya gesi. Kuhusu pamba na filta zinafanana: filta ni moja, ama mdomoni mwa mlango ama ya kuchomoa juu ya mashine kama yangu. Ila ya gesi ikiziba njia ya kutolea hewa, moshi wa moto wake unaweza kurudi ndani ya nyumba, na gesi yake ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina harufu. King'ora chake kiwepo.

Kwa ya paipu, filta yenu kubwa ni paipu lenyewe. Wavu wa mlangoni haukamati kila kitu, kinachopita kinajilaza njiani, hasa kwenye kona. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilihesabu miaka ya 2008 hadi 2010 ikapata kama mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka, na sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutokusafisha. Si mashine mbovu, uchafu.

Lile paipu la karatasi ya fedha linalojikunjakunja, toeni. Wekeni la chuma lenye kuta laini. Kanuni ya ujenzi inayotumika sehemu nyingi huku inataka lisizidi futi 35, na kila kona ya digrii 90 unapunguza futi tano. Mwisho wake ukutani pawe na kifuniko cha kupepea, si wavu, maana wavu unakamata pamba zote. Ndege nao wanapapenda sana pale, pana joto.

Kupima: washa draya, toka nje, simama chini ya kile kifuniko. Kinatakiwa kiinuke na hewa ya moto ikupige usoni kwa nguvu. Kikilala, au kikitikisika kinyonge, acha kukausha mpaka paipu lisafishwe.

Kitu kingine, zile karatasi za kunukisha nguo zinazowekwa ndani ya draya. Mke wangu anazipenda, mimi nazipiga vita. Zinaacha utando kwenye wavu ambao macho hayauoni. Toa wavu, ukung'ute, kisha uuweke chini ya bomba. Maji yakipita moja kwa moja, uko salama. Yakituama juu yake, hewa nayo haipiti. Mswaki wa zamani, maji moto, sabuni ya vyombo.

---

FundiBaridi (Hamburg)

Kaka BabaTumaini, asante. Jaribio la maji linafaa kwa wavu wa aina zote, si ya paipu peke yake.

Kuna jambo nimelikumbuka kwa ajili ya wifi wa Coventry. Kama draya yake ni ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan au Proline na imetengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, atazame namba ya modeli kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kuiwasha tena. Whirlpool, kampuni iliyohusika na mashine hizo, walianza kutoa onyo 2015, na 2019 wakaambiwa waziite zirudi zile ambazo hazijarekebishwa. Pamba zilikuwa zinaweza kuangukia elementi. Agosti 2016 moto ulioanzia kwenye draya ya aina hiyo uliunguza sehemu ya ghorofa la Shepherd's Court, London. Hitilafu ile iko ndani, nyuma, hata uwe msafi wa filta namna gani huifikii.

---

BintiLamu (Leicester)

Fundi, kibandiko nimekipata ukingoni mwa mlango, mume wangu akimulika na simu. R134a, na wati 900. Kwa hiyo ni hiti pampu kama ulivyosema.

Nimefanya yote. Sponji lilitoa maji meusi, nikaosha mpaka yakawa meupe. Huva imepita kwenye vibati. Filta ya mlangoni kweli ni mbili, ya ndani ilikuwa na blanketi zima la pamba za mpangaji aliyepita, rangi ya waridi, na mimi sina nguo ya waridi. Nikafanya na jaribio la BabaTumaini: maji yalituama juu ya wavu kama hayajui pa kwenda! Nikasugua kwa mswaki, sasa yanapita.

Taa imezimika. Muda umeshuka sana, mataulo yamekauka mpaka pindoni ndani ya muda ulioandikwa kwenye kioo. Lakini nina maswali mawili madogo. Mzigo wa nguo nyepesi, kanzu za mume wangu na dera zangu, mashine inasimama mapema na kusema imemaliza, na ukizigusa kola na mifuko bado mbichi. Na la pili, mama mkwe wangu anajipaka mafuta ya nazi kichwani na miguuni, mito na kanga zake zote zina mafuta. Zikitoka kwenye draya zina harufu ya kukaangia. Ni kawaida?

---

FundiBaridi (Hamburg)

La kwanza ni sensa, kifaa cha kuhisi unyevu. Ndani ya dramu, lile pipa linalozungusha nguo, karibu na filta ya mlango, utaona vipande viwili vya chuma cha pua vimelala sambamba. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili, umeme mdogo sana unapita katikati yake, mashine inajua bado kuna maji. Vikipata utando wa sabuni ya kulainishia nguo, au chokaa ya maji, mashine inadanganyika. Pangusa kwa kitambaa chenye siki, kisha kwa maji safi. Huko Leicester maji yana chokaa, rudia kila unaposafisha sponji. Vilevile usichanganye kanzu na mataulo mzigo mmoja, na mzigo wa nguo mbili tatu peke yake sensa haiuoni vizuri kwa sababu nguo hazigusi vyuma mara za kutosha. Kwa hizo tumia programu ya muda, weka dakika mwenyewe.

La pili si kawaida, na nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko la kwanza. Mafuta ya kula na ya kujipaka hayatoki yote kwa kufua na maji baridi. Yakibaki kwenye kitambaa yakapata joto, yanaendelea kutoa joto yenyewe, na rundo la nguo za namna hiyo lililokunjwa likiwa bado la moto linaweza kuwaka moto baadaye, hata liko kikapuni na draya imezimwa. Hiti pampu haina joto kali kama ya elementi, hatari yake ni ndogo, lakini harufu uliyoisikia ni mafuta yanayopata moto. Mito na kanga za mama zifue kwa maji moto ya nyuzi 60 na sabuni ya kutosha. Zikibaki na harufu ya mafuta baada ya kufuliwa, zianike, zisiingie kwenye draya. Na usikatishe dakika za mwisho ambapo mashine inazungusha bila kupasha, zile ni za kupoza nguo, ziko kwa ajili hiyo hiyo.

Udi na mafuta ya manukato pakeni baada ya kukausha. Najua watu wa Lamu, ndiyo nikasema.

---

UmmNasra (Maskati)

Nimesoma yote na yangu sikuiona. Huku kwetu mashine ni moja, inafua na kukausha humo humo. Haina filta mlangoni, haina droo ya maji, haina paipu la hewa, haina sponji. Ni ya kilo nane. Nguo zinatoka zimekunjamana na zina nywele nywele za pamba, buibui jeusi ndiyo usiseme. Na wakati wa joto, miezi ya sita na ya saba, kukausha hakuishi. Fundi wa huku ameniambia ninunue nyingine.

---

FundiBaridi (Hamburg)

Mama Nasra, usinunue kwanza. Yako ni aina ya nne, na maji yake yanatoka kwenye paipu lile lile la maji machafu ya kufulia. Kwa sehemu kubwa ya mashine hizi, mvuke wa nguo unapozwa kwa kunyunyiziwa maji baridi ya bomba ndani ya mashine. Pamba haziendi kwenye wavu, zinasombwa na maji kwenda kwenye pampu. Kwa hiyo filta yako ni ile ya pampu, chini mbele upande wa kulia au kushoto, kifuniko cha kuzungusha. Weka sinia na taulo chini, fungua taratibu, maji yatamwagika. Wenye mashine hizi wasafishe mara nyingi kuliko mwenye mashine ya kufulia tu. Pamba zikibaki humo zinarudi kwenye buibui.

Kisha mzigo. Kilo nane ni za kufua. Za kukausha ni pungufu, mara nyingi tano hivi, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu au kibandikoni. Ukifua nane ukaziacha zote zikaushwe, zitazunguka tu zimebanana. Toa karibu nusu kabla ya kukausha.

Na hilo la wakati wa joto, nalijua kutoka Mombasa, ila kwenu ni kali zaidi. Maji ya bomba lako yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, siyo? Mchana yanakuwa ya moto, na maji ya moto hayawezi kupoza mvuke. Mashine inanyunyiza, inanyunyiza, hakuna kinachogeuka maji, na bili ya maji inapanda. Kausha alfajiri, tangi likiwa limepoa. Jaribu hivyo pamoja na kusafisha pampu, kisha utuambie.

---

UmmNasra (Maskati)

Tangi liko juu ya paa, ndiyo, jeusi. Pampu nimeifungua sasa hivi na mwanangu. Tumetoa pini za shungi, sarafu ya baisa 50, na pamba kiganja kizima. Alfajiri nitajaribu na buibui mbili tu.

---

BabaTumaini (Columbus, Ohio)

Fundi, swali la pembeni. Mtu akiinunua hiyo hiti pampu iliyotumika, akaileta nyumbani kwenye gari imelala, inakuwaje? Kuna jirani anauza yake, bei nzuri, na gari langu ni dogo.

---

FundiBaridi (Hamburg)

Isafirishe imesimama. Ikilazimika kulala, ukifika isimamishe uiache siku nzima kabla ya kuichomeka, kama unavyofanya na friji, oili ya kompresa irudi mahali pake. Halafu uliza jirani alikuwa ameiweka wapi, na ufikirie wewe utaiweka wapi. Gereji ya Ohio wakati wa theluji haifai, nyingi zinataka chumba cha kuanzia nyuzi 5 za selsiasi kwenda juu, chini ya hapo zinasuasua au zinagoma. Na kabla hujalipa, fungua kijilango cha chini mbele yake, umulike vile vibati. Vikiwa vimekunjwa au vimejaa pamba iliyokauka kama udongo, punguza bei au ondoka. Kama hakuna kijilango kabisa, mara nyingi ni ile inayojisafisha koili yenyewe kwa maji yake. Hizo nazo zina habari zake: Korea Kusini, 2019, wakala wa kutetea wanunuzi ulishauri mashine milioni 1.45 za namna hiyo zirekebishwe bure, na kampuni ikakubali, kwa kuwa pamba zilikuwa zinabaki ndani. Iwashe na nguo mbichi, uone droo inaingia maji. Taa ya droo kujaa ikiwaka na droo ni tupu, huenda boya la chini limekwamishwa na pamba, na kulifikia ni kuifungua mashine.

---

BintiLamu (Leicester)

Wifi amekwenda kutazama namba ya modeli yake, haimo kwenye orodha. Sasa anauliza lile sanduku lake analirudisha likiwa limelowa au alikaushe kwanza, maana miaka yote amekuwa akilirudisha linadondoka maji.

---

FundiBaridi (Hamburg)

Alikung'ute, aliinamishe mpaka liache kudondosha, apanguse mpira wa pembeni na mahali linapokaa. Unyevu mdogo hauna neno. Vile vifungo viwili avizungushe mpaka mwisho, hewa ikivuja pale jiko lake litajaa mvuke.